Tusihesabu miche pekee, tuulize pia umri wa vichaka

Kila mvua za masika au za vuli zinapokaribia, malori hupakia miche, wanafunzi hupangwa mistari, mgeni wa heshima hukabidhiwa jembe jipya, na jioni idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa redioni. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili watu washike majembe. Sina ugomvi na azma hiyo. Ninalolalamikia ni kwamba hesabu yetu huanza na kukoma siku ile ile ya kupanda. Kichaka kikishatiwa ardhini, hakuna anayeuliza tena kimefikisha umri gani, wala umri huo umeufanyia nini udongo uliokibeba.

Nitalitazama jambo hili kwa upande mmoja tu, upande wa nitrojeni ya udongo, na kwa aina moja ya mimea, yaani vile vichaka vya jamii ya kunde ambavyo maafisa wa kilimo na misitu wamekuwa wakitusihi tuvipande: sesbania, kaliandra, tefrosia na vinginevyo vya ukoo huo. Nimechagua nitrojeni kwa kuwa ndiyo inayopungukia mahindi upesi katika mashamba yetu mengi, na ndiyo tunayoinunua kwa jasho. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 ilipita shilingi 6,000 madukani, hata serikali ikalazimika kuingilia kati kwa ruzuku, na mnamo 2023 mfuko wa ruzuku ukateremshwa hadi shilingi 2,500. Mwaka uliofuata, 2024, kukazuka sakata ya mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima kupitia mpango huo huo wa ruzuku. Mkulima aliyeponea bei akanaswa na ulaghai. Katika hali kama hiyo, mtu akisema kwamba kuna kichaka kinachoweza kumpa mkulima nitrojeni bila risiti, ni haki tumsikilize, lakini ni haki pia tumuulize: kwa muda gani, na mpaka lini?

Hewa tunayoivuta ina nitrojeni asilimia 78. Kwa hiyo juu ya kila shamba la maskini kumetanda mali ambayo mmea wa mahindi hauwezi kuigusa, kwa sababu atomu za nitrojeni hiyo zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa mno. Mnamo miaka ya 1880, Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa viumbe wadogo wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Mjerumani mwingine, Fritz Haber, mwaka 1909 aliweza kuifunga nitrojeni hiyo katika maabara, na Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwandani kufikia 1913, kwa joto kali na shinikizo la kutisha. Mbolea yote ya CAN na urea tunayoinunua leo ni tunda la kiwanda cha namna hiyo. Bakteria walio katika vinundu hufanya kazi ile ile gizani, kwa joto la kawaida la udongo, bila bomba wala tanuri.

Lakini hawafanyi bure, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mmea huwalipa bakteria kwa sukari iliyotengenezwa na majani yake, na sukari hiyo ni ghali. Mmea unapokuta nitreti tayari udongoni, hupunguza malipo. Vinundu hupungua na vilivyopo hulegea kazi. Yaani kichaka cha jamii ya kunde si karimu kwa tabia. Hufanya kazi kinapohitaji, na huacha kinapotosheka au kinaposhindwa kulipa kwa sababu ya kiu, kivuli au upungufu wa fosforasi. Mambo yote hayo, kutosheka, kiu, kivuli na njaa ya fosforasi, huja na umri.

Sasa tutazame tunavyofundisha. Katika madaftari ya wanafunzi wa kilimo kote nchini kuna sentensi moja inayonakiliwa mwaka baada ya mwaka: mimea ya jamii ya kunde huongeza nitrojeni katika udongo. Mwanafunzi akiiandika katika mtihani hupata alama yake, akaendelea na swali linalofuata. Sentensi hiyo si uongo, ila imekatwa mkia. Haisemi mmea wa umri gani, haisemi nitrojeni hiyo iko wapi, wala haisemi kama mahindi yataiona.

Nilipokuwa nikifundisha somo hili katika shule moja ya upili, niliwachukua wanafunzi wa kidato cha pili hadi kwenye ua wa kaliandra uliopandwa na waliotutangulia, na kando yake tukawa tumepanda miche ya miezi 5. Tuling'oa mche mmoja kwa uangalifu, tukaosha mizizi katika beseni. Vinundu vilikuwa tele, na tulipovipasua kwa wembe ndani yake palikuwa na rangi ya waridi iliyokoza, kama nyama mbichi. Rangi hiyo ndiyo dalili ya kinundu kinachofanya kazi. Kisha tukachimba pembeni mwa vile vichaka vikongwe. Tulitafuta kwa muda mrefu, tukapata vinundu vichache vilivyosinyaa, vingi vikiwa na rangi ya kijivu ndani. Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, sasa hivi vikubwa vinakula wapi?" Ni swali ambalo vitabu vyetu vya shule havikuwa na jibu lake, nami nililijibu kwa kumwonyesha majani yaliyooza chini ya ua ule. Kichaka kikongwe hula zaidi akiba yake mwenyewe iliyomwagika: huzungusha nitrojeni ile ile kutoka jani hadi udongo, na kutoka udongo hadi jani.

Mfano bora kabisa wa kichaka kilichotumiwa kwa kufuata umri wake tunao hapa hapa nchini, magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo-msitu lenye makao yake Nairobi, pamoja na wenzao wa KARI na KEFRI, walifanya kazi kubwa katika eneo la Maseno na mashamba ya wakulima wa Siaya na Vihiga. Huko mashamba ni madogo kupindukia. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba. Desturi ya wazee ya kulipumzisha shamba kwa miaka mingi hadi lijirudishie nguvu haiwezekani tena mahali kama hapo. Wataalamu wakapendekeza mapumziko mafupi: mkulima apande sesbania, tefrosia au krotalaria katikati ya mahindi yake wakati wa palizi, mahindi yavunwe, vichaka viachwe msimu mmoja au miwili, kisha vikatwe, kuni ziende jikoni, majani na vijiti laini vilimwe pamoja na udongo.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Vichaka hivyo viliweza kukusanya kilo 100 hadi 200 za nitrojeni kwa hekta katika muda wa miezi 6 hadi miaka 2. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwasaidia wanafunzi kulipima jambo hili: mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye nitrojeni asilimia 26 una kilo 13 tu za nitrojeni, kwa hiyo kilo 100 ni sawa na mifuko inayokaribia 8 kwa hekta. Aidha, kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi na ambalo Waluo huliita kayongo, lilipungua mahali sesbania ilipopandwa.

Hata hivyo ni lazima tujue nitrojeni hiyo ilitoka wapi. Sehemu ilitoka hewani. Sehemu nyingine ilitoka chini. Wataalamu walikuta kwamba katika udongo mwekundu wa huko, nitreti nyingi ilikuwa imezama kina ambacho mizizi ya mahindi haifiki, ikakaa huko kama maji katika kisima kisicho na kamba. Mizizi ya sesbania ilishuka zaidi ya mita 2, ikaifikia, ikaipandisha hadi kwenye majani. Mahindi yakaipata majani yalipooza. Hii ni kazi ya ajabu, ila tusiisahau hesabu yake. Akiba ya chini ikishatekwa mara moja haijazwi kwa usiku mmoja. Mzunguko wa pili wa vichaka hukuta kidogo kuliko wa kwanza, na mkulima aliyeahidiwa maajabu yale yale atajiona kama aliyedanganywa.

Nguvu ya mpango wa Maseno, basi, ilikuwa katika kukata. Sesbania iliyokatwa ikiwa na majani mabichi huoza upesi na kutoa nitrojeni ndani ya wiki chache. Wataalamu huweka mpaka: jani lenye nitrojeni inayozidi asilimia 2.5 hivi huilisha mimea linapooza, bali lililo chini ya hapo, au lililojaa tanini na ugumu wa kuni, kwanza huwafanya viumbe wa udongo waikope nitrojeni iliyopo, na mahindi yakageuka manjano kwa muda. Kichaka kikiachwa kipite umri wake, shina hunenepa, majani hupungua, na nitrojeni nyingi hulala katika mti mgumu ambao mwisho wake ni moshi wa jikoni. Mkulima anayekionea huruma kichaka chake kwa sababu kimependeza ni yule mchelea mwana kulia.

Mbona basi mashamba ya Siaya na Vihiga hayakujaa sesbania hadi leo? Wengi walioanza waliacha. Baadhi walipanda kwa kuwa mradi ulinunua mbegu, na soko la mbegu lilipokufa, kichaka nacho kikaachwa. Wengine walipata kwamba shamba lao ni dogo mno kulipumzisha hata kwa msimu mmoja, kwani tumbo halipumziki. Na wengi walikumbana na jambo ambalo ahadi ya nitrojeni haikuligusa: udongo wa magharibi una upungufu mkubwa wa fosforasi, na hakuna kichaka kinachoumba fosforasi kutoka hewani. Ndiyo maana wataalamu walijaribu mawe ya fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania, na majani ya tithonia, yale maua ya manjano yanayoota kandokando ya barabara zetu. (Tithonia si jamii ya kunde hata kidogo, na majani yake yana nitrojeni asilimia 3.5 hivi ikiwa makavu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba ni kunde tu zinazofaa kwa mbolea ya majani angeshangaa.)

Kwa kuwa vichaka vya Maseno havikuachwa vizeeke, haviwezi kutuonyesha mwisho wa safari. Tukitaka kujua msitu wa vichaka wa miaka 40 au 50 huufanyia nini udongo, hatuna budi kwenda mbali, hadi China, mahali paitwapo Shapotou kwenye ukingo wa jangwa la Tengger. Nachukua mfano huo kwa kuwa vichaka vya huko vilipandwa kwa tarehe inayojulikana na vikafuatiliwa kwa miongo kadhaa, jambo ambalo ni adimu. Reli ya kutoka Baotou hadi Lanzhou, iliyofunguliwa mwaka 1958, ilipaswa kupita katikati ya mchanga unaohama. Kuanzia 1956 wafanyakazi walichomeka majani makavu ya ngano mchangani kwa umbo la miraba ya mita 1 kwa mita 1, kama ubao wa drafti, kisha ndani yake wakapanda vichaka, vikiwemo karagana na hedisaramu, ambavyo ni vya jamii ya kunde. Mvua ya huko haifiki milimita 200 kwa mwaka, yaani ni kama ile ya Lodwar.

Vichaka vilishika. Katika miaka 15 hivi ya kwanza vilitanda hadi kufunika karibu theluthi moja ya ardhi, na mchanga ukatulia. Lakini baadaye vilianza kupungua vyenyewe, na kufikia miongo minne au mitano vilifunika chini ya sehemu moja ya kumi. Mpita njia angesema mradi umekufa. Wataalamu waliochimba waliona jambo jingine: wakati vichaka vilipokuwa vikipungua, nitrojeni na mboji katika sentimita chache za juu vilikuwa vikiongezeka. Vumbi lililonaswa, majani yaliyoanguka, na utando mwembamba wa mwani na kuvu uliojenga gamba juu ya mchanga, vyote vilichangia. Baadhi ya viumbe wa gamba hilo huifunga nitrojeni ya hewani wenyewe, bila kuhitaji mzizi wa kichaka. Gamba hilo hilo, hata hivyo, huzuia maji ya mvua haba yasizame, hivyo vichaka vyenye mizizi mirefu hukosa kinywaji, na nyasi zenye mizizi mifupi hushika nafasi yao.

Narudia jambo hilo kwa sababu ni kinyume cha fikra zetu. Kichaka kinachonawiri si ushahidi kwamba udongo umetajirika, wala kichaka kinachokufa si ushahidi kwamba udongo umefilisika. Katika miaka ya mwanzo, kichaka kinapojijenga, mara nyingi huchukua kuliko kinavyorudisha. Tena kama shamba lilifyekwa na kuchimbwa kwa ajili ya kupanda, nitrojeni iliyokuwapo huweza kupungua kwanza. Kisha huja miaka ya neema, majani yanapoanguka na mizizi midogo inapokufa na kuzaliwa upya. Kisha huja uzee: nitrojeni imejaa juu, chini kumekauka, vinundu vimepunguza kazi. Na pale penye mvua nyingi, nitreti iliyozidi huoshwa kwenda chini ikichukua kalisi pamoja nayo, na udongo ukazidi kuwa na asidi. Miaka ya kila hatua hutegemea mahali na aina ya kichaka. Huko Maseno ni miezi. Shapotou ni miongo.

Nyumbani tunao msitu wetu wa vichaka vilivyozeeka, na jina lake linatisha: mathenge. Mti huu, prosopisi, uliletwa nchini mnamo miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Nao ni jamii ya kunde. Kwa kipimo cha nitrojeni peke yake, ulifaulu: udongo ulio chini ya mathenge kwa kawaida una nitrojeni na mboji zaidi ya ule ulio wazi jirani yake. Lakini nani anaitumia? Mathenge ilifunga malisho, ikaziba njia za mifugo, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata wakazi wa jamii ya Ilchamus wakaenda mahakamani Nairobi mwaka 2006 wakiwa na mbuzi asiye na meno kama kielelezo. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mti huo kuwa gugu haribifu. Udongo ulitajirika chini ya mlango uliofungwa. Mtu akipima mafanikio ya misitu ya kupandwa kwa maabara ya udongo pekee, ataipa Baringo alama nzuri, na wenye mbuzi watamcheka.

Kutoka hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wawili wanaopenda kubishana nami. Wa kwanza husema tuache habari za vichaka, tutie mbolea ya dukani, basi. Namjibu kwamba mbolea ya dukani ina mahali pake, hasa fosforasi, lakini udongo usio na mboji huishika vibaya, na mvua kubwa ya Aprili huipeleka mtoni pamoja na fedha zetu. Wa pili ni mpenzi wa miti, husema mti usikatwe kamwe. Huyu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa maneno yake husifiwa katika kila mkutano. Vichaka vya jamii ya kunde vilivyopandwa kwa ajili ya udongo ni mazao. Vina siku ya kupandwa na siku ya kukatwa, kama mtama. Wakulima wa Embu walilielewa hili tangu zamani kwa upande wa kaliandra: huikata ua mara kadhaa kwa mwaka na kulisha ng'ombe wa maziwa, kilo 3 za majani mabichi zikichukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Ila nao wanahitaji kukumbushwa kwamba nitrojeni iliyokwenda kwa ng'ombe imetoka katika ua. Samadi isiporudi chini ya ua au shambani, ua huo unanyonya udongo ingawa majani yake ni ya kijani.

Shule zina nafasi ambayo hata vituo vya utafiti huionea wivu, nayo ni kwamba shule haihami. Mradi wa wafadhili hudumu miaka 3 au 5, kisha magari huondoka na daftari hufungwa. Shule huwa pale miaka 50, na kila Januari hupokea wachimbaji wapya wenye nguvu. Laiti kila shule iliyopanda vichaka ingeandika mwaka wa kupanda kwenye kibao na kupanda mstari mmoja mpya kila mwaka kando ya ule wa zamani, baada ya miaka 10 ingekuwa na ngazi ya umri ambayo hakuna maabara ya Nairobi inayoweza kuinunua.

Vipimo navyo si lazima viwe vya gharama. Mahindi yenyewe ni kipimo. Mwalimu na achukue udongo wa kina cha sentimita 15 chini ya vichaka vya umri mbalimbali, na mwingine kutoka uwanja wazi, autie katika mikebe iliyotobolewa chini, kila aina katika mikebe minne ili bahati isitudanganye, apande punje mbili za mahindi katika kila mkebe, kisha ang'oe moja. Baada ya wiki 4 au 5 majani yataanza kusoma udongo kwa ajili yetu. Jani la chini linaloanza kuwa manjano kutoka kwenye ncha, likifuata mshipa wa kati kwa umbo la herufi V, linalia nitrojeni. Jani lenye kingo za zambarau linalia fosforasi. Mara nyingi mkebe wa udongo kutoka chini ya kichaka kikongwe utakuwa na majani yenye kijani cha kutosha lakini yenye kingo za zambarau, na hapo mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba utajiri wa aina moja hauondoi umaskini wa aina nyingine. Wenye mizani waivune mimea hiyo, waikaushe juani, waipime. Hesabu hizo zikiandikwa kila muhula katika daftari moja ambalo haliondoki na mwalimu anapohamishwa, zitakuwa na thamani kubwa.

Najua nitaambiwa kwamba walimu wana kazi nyingi, na kwamba mtihani hauulizi mambo haya. La kwanza ni kweli. La pili linaweza kubadilishwa na watu wanaotunga mitihani, na naomba walisome hili. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje faida tatu za mimea ya jamii ya kunde limeulizwa vya kutosha. Mpeni mtoto jedwali la nitrojeni chini ya vichaka vya miaka 2, 10 na 30, kwa kina cha juu na kina cha chini, mumwulize ni lini angevikata na kwa nini.

Kwa wale wanaosimamia upandaji wa miti bilioni 15, ombi langu ni dogo zaidi. Ripoti zinazotolewa kila msimu ziwe na safu mbili za ziada: vichaka na miti iliyopandwa miaka 5 iliyopita imesalia mingapi, na ile ya jamii ya kunde imepangiwa kukatwa mwaka gani, na nani. Chifu na afisa wa misitu wa wadi wanaweza kuzijaza safu hizo kwa kalamu, wakiwa wamesimama pale pale vichaka vilipo.